Mizinga ya Mti

Jioni, ukisimama ufukweni Kavimvira, taa za Bujumbura unaziona ng'ambo ya maji. Mwaka 1914 upande ule ulikuwa wa Wajerumani, huu wa Wabelgiji, na mto Rusizi uliwatenganisha. Wakoloni hao walipokosana huko kwao Ulaya, walikuja kupigania ziwa letu, Tanganyika.

Wasimulizi wa vita hivyo huzisifu mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizokokotwa porini Katanga hadi zikafika ziwani. Waliozifungulia njia, wakikata miti na kujenga madaraja, ni Wakongo, nao walistahili kuandikwa majina kama makamanda walivyoandikwa. Lakini hata mashua hizo zisingefua dafu bila mizinga michache ya Wabelgiji iliyokitwa nchi kavu, penye mlango wa mto Lukuga, Kalemie ya leo.

Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, iliishambulia hapo Alexandre Delcommune ya Wabelgiji, na Wajerumani wakabaki wenye ziwa. Mlango wa Lukuga ukalindwa kwa mizinga ya ufukweni.

Meli huyumba, na kila ikiyumba shabaha inahama. Mzinga wa nchi kavu umetulia, na mpigaji wake amekwisha kupima umbali wa maji yaliyo mbele yake kabla adui hajatokea. Tena meli ikitobolewa chini inazama na watu wake. Ukuta wa udongo ukipigwa mchana, usiku unajazwa upya kwa sepetu.

Nyuma ya mizinga ya Lukuga Waingereza wakatengeneza gati. Mwanzoni mwa Desemba 1915 ofisa wa Kijerumani, Job Rosenthal, alitaka kujua kinachoendelea pale. Kwa kuwa meli haikuweza kusogea, aliingia majini usiku, akaogelea peke yake kuelekea ufuko ule. Alikamatwa. Wenzake hawakupata habari, na tarehe 26 Desemba meli yao Kingani ikatekwa. Februari 9 iliyofuata, Hedwig ikazamishwa.

Ilibaki Graf von Götzen, kubwa kuliko zote ziwani, yenye mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg. Mwaka 1916 Wajerumani waliung'oa ukapigane nchi kavu, na mahali pake wakasimamisha wa mti. Kwa mbali nani angejua?

Juni mwaka huohuo kamanda wa Waingereza, Geoffrey Spicer-Simson, alifika Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya Tanzania. Akaiona ngome, akaona midomo ya mizinga imeelekezwa ziwani. Akageuza mashua zake, akaenda kungoja Kituta. Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka kwa njia ya maji. Ngome ilipotwaliwa, mizinga ile ilikutwa ni ya mti.