Gololi za Los Alamos na mawe ya Shinkolobwe

Katika filamu ya Oppenheimer kuna vyombo viwili vya kioo ambavyo mtazamaji makini havisahau. Kimoja ni bakuli kubwa la duara, kingine ni bilauri ndogo. Kila kiasi fulani cha madini kinapokuwa tayari, mwanafizikia J. Robert Oppenheimer anadondosha gololi: za kwenye bakuli ni urani, za kwenye bilauri ni plutoni. Asiyejua fizikia hata chembe anaelewa papo hapo. Vyombo vikijaa, bomu liko tayari.

Kwa gololi hizo muongozaji Christopher Nolan amefupisha kazi ya viwanda vikubwa na maelfu kwa maelfu ya watu. Lakini kila gololi iliyoangukia bakuli lile ilikuwa na kwao. Na kwao, kwa sehemu kubwa, ni Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na mji wa Likasi katika Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazini na ya kambini, na mpaka leo ni lugha ya mtaani. Plutoni nayo hutengenezwa kutokana na urani, kwa hiyo hata ile bilauri ndogo ina deni huko huko. Filamu inachukua saa tatu kamili, na katika saa hizo zote hatufikishwi Katanga.

Naipenda filamu hii na siandiki ili kuibomoa. Naamini inastahili kutazamwa ukumbini, kwa moyo wote, kuanzia taa zinapozimwa hadi majina ya mwisho yanapopita. Naamini pia kwamba anayeitazama kwa utulivu huo ndiye mwenye haki ya kuuliza nani hayumo.

Giza la ukumbini lina kazi yake

Filamu hii ilitoka Julai 2023 na ikatengenezwa mahususi kwa skrini kubwa. Nolan na mpiga picha wake, Hoyte van Hoytema, walitumia mikanda ya milimita 65, na kampuni ya Kodak ikatengeneza kwa mara ya kwanza mkanda wa ukubwa huo wa rangi nyeusi na nyeupe. Nakala kamili ya IMAX ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 18 na uzito wa kilo zipatazo 270, na ni kumbi 30 tu duniani zilizoionyesha. Sisi wa Dar es Salaam tuliiona kwa nakala ya kidijitali, katika ukumbi ulio ndani ya jengo la maduka, kiyoyozi kikipuliza na harufu ya bisi ikitufuata hadi vitini. Kilicho muhimu hakikupotea njiani.

Angalia sehemu ya jaribio la Trinity. Ni Julai 16, 1945, saa 11:29 alfajiri, katika jangwa la New Mexico. Bomu liko juu ya mnara wa chuma wenye urefu wa mita 30. Kwa dakika nyingi kabla ya hapo muziki wa Ludwig Göransson umekuwa ukipanda, vinanda vikikimbizana, mpaka mtu anajikuta ameshika mkono wa kiti. Kisha mwanga unapasuka na kila kitu kinanyamaza. Moto unapanda juu kimya kimya, na kinachosikika ni pumzi za watu tu.

Ukimya huo una ukweli wake. Mwanga hufika mara moja, ila sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Aliyesimama kilomita 16 kutoka kwenye mnara aliuona moto, akakaa na ule mwanga kwa zaidi ya nusu dakika, ndipo kishindo kikamfikia. Ukumbini tulipitishwa kwenye hali hiyo hiyo. Mifuko ya bisi iliacha kuchakarisha. Mama mmoja mbele yangu, aliyekuwa akimnong'oneza mwenzake tangu mwanzo, alikatiza sentensi yake katikati. Kishindo kilipofika, sakafu ilitetemeka, na hapo ndipo watu walipopumua.

Wengi wetu tumekulia vibanda umiza, kwenye filamu zilizotafsiriwa na madijei, na utamaduni huo umetufundisha kuipenda sinema. Lakini dijei kazi yake ni kuongea, na hapa muongozaji ametaka pasiwe na sauti ya mtu yeyote. Kwenye simu nako, ujumbe mmoja ukiingia, ukimya umevunjika. Ukumbi wa kisasa unakupa giza, sauti inayopita mwilini, na watu usiowajua wanaoshtuka pamoja nawe. Kwa filamu ya historia hilo ni jambo kubwa, kwa sababu jambo lililowapata watu wengi kwa pamoja linapokelewa tena na watu wengi kwa pamoja.

Macho ya mtu mmoja

Filamu ya wasifu humulika mtu mmoja kama kurunzi katika nyumba yenye giza: inakoelekezwa unaona hata vumbi, na vyumba vingine huvioni kabisa. Nolan halifichi hilo. Sehemu zinazofuata fikra za Oppenheimer ziko katika rangi, na katika maandishi ya filamu aliziandika kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba mhusika mwenyewe ndiye anayesimulia. Sehemu za hasimu wake, Lewis Strauss, anayeigizwa na Robert Downey Jr., ziko katika nyeusi na nyeupe. Rangi zikibadilika, mtazamaji anajua yuko kwa nani.

Kwa njia hiyo tunaona jinsi Cillian Murphy anavyomjenga mtu aliyekonda, mwenye kofia na sigara, ambaye serikali ilimhitaji mwaka 1942 na kumfedhehesha mwaka 1954 ilipomnyang'anya kibali chake cha usalama. Tunamwona Strauss naye akianguka mwaka 1959, Baraza la Seneti lilipomkataa kuwa waziri kwa kura 49 dhidi ya 46. Mwaka 2022, Oppenheimer akiwa ameshafariki zaidi ya miaka 50, Marekani iliufuta rasmi uamuzi ule wa 1954.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ni ile ya baada ya Hiroshima kupigwa bomu. Wafanyakazi wa maabara ya bomu ya Los Alamos wamejaa ukumbini wakishangilia, wakipeperusha vibendera na kupiga miguu sakafuni. Oppenheimer anapanda jukwaani. Anasema maneno ya ushindi, lakini sauti za shangwe zinakatika masikioni mwake, mwanga mweupe unajaa chumba, na ngozi ya uso wa msichana mmoja inaanza kubanduka. Akishuka jukwaani, mguu wake unakanyaga kitu kilichokuwa mwili wa mtu na sasa ni majivu.

Wapo waliomlaumu Nolan kwa kutoonyesha mji wenyewe wa Hiroshima wala Nagasaki, na huko Japani filamu haikuanza kuonyeshwa mpaka Machi 2024. Hoja ya Nolan inaeleweka: Oppenheimer hakuwa Hiroshima, na filamu imejifunga kuona anachokiona yeye. Angalau Hiroshima imeingia kupitia dhamiri yake. Katanga haikuingia hata kwa mlango huo, na sidhani kama ni kwa sababu haikuwa na uhusiano na watu tuliowaona kwenye skrini. Uhusiano ulikuwepo, tena wa karibu sana.

Mapipa ya Staten Island

Kumbuka barua maarufu ya Albert Einstein kwa Rais Roosevelt, ya Agosti 2, 1939. Ndani yake Kongo ya Kibelgiji imetajwa kuwa chanzo muhimu kuliko vyote vya urani. Wanasayansi wale waliijua ramani vizuri.

Mgodi wa Shinkolobwe ulikuwa mali ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut Katanga. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915, na kwa muda mrefu yalichimbwa kwa ajili ya radiamu iliyotumika hospitalini. Sifa ya mawe yake haikuwa na mfano. Baadhi yalikuwa na oksidi ya urani kwa kiwango cha asilimia 65, wakati mawe ya Marekani kwenyewe mara nyingi hayakufika hata asilimia 1. Wafanyakazi Waafrika ndio waliochimba mawe hayo na kuyachambua kwa mikono, bila kuelezwa wanashika nini.

Mwaka 1940, mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha takriban tani 1,200 za madini hayo hadi New York akihofia yasiangukie mikononi mwa Wajerumani. Yalihifadhiwa Staten Island katika mapipa ya chuma zaidi ya 2,000, na juu yake ikaandikwa wazi kwamba ni urani, zao la Kongo ya Kibelgiji.

Jenerali Leslie Groves, yule anayeigizwa na Matt Damon, aliteuliwa kuongoza mradi wa bomu Septemba 17, 1942. Kesho yake, Kanali Kenneth Nichols alikwenda ofisini kwa Sengier. Mazungumzo hayakuwa marefu, na makubaliano yakaandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya njano. Jeshi likapata mapipa yote ya Staten Island, na pia madini yaliyobaki juu ya ardhi kule Shinkolobwe. Baadaye mgodi, uliokuwa umejaa maji, ukafunguliwa upya.

Nichols huyo yumo katika filamu. Dane DeHaan anamwigiza, na tunamwona mara kadhaa. Ofisi ya Sengier haimo, karatasi ya njano haimo, mapipa hayamo. Vita vilipokwisha Sengier alipewa nishani ya heshima na serikali ya Marekani. Aliyesukuma toroli Shinkolobwe hakupewa hata jibu la swali la nini kiliingia mapafuni mwake.

Karani wa Elisabethville

Tunaweza kumlaumu Nolan kwa hayo yote, lakini Hollywood itaendelea kusimulia watu wake, na hiyo ni haki yake. Kazi ya kumulika Katanga ni yetu, na wa kumfanyia filamu tunaye.

Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, kwa sababu vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu na kazi ilikuwa imeongezwa. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa karani wa kampuni aitwaye Leonard Mpoyi. Desemba 9, siku mbili tu baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, wagomaji walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, ambao leo ni mji wa Lubumbashi. Askari wakafyatua risasi. Makumi ya watu waliuawa, na Mpoyi alikuwa mmoja wao. Mapipa ya Shinkolobwe yalikuwa tayari Staten Island, na waliokufa uwanjani walikuwa waajiriwa wa kampuni iliyoyapeleka huko.

Kwamba filamu kama hiyo inawezekana, tumeshaona. Mwaka 2000 Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti aliyeishi Kongo utotoni, alitoa filamu yake juu ya Patrice Lumumba, akaipigia picha Zimbabwe na Msumbiji kwa sababu Kongo yenyewe ilikuwa vitani. Mwaka 2010 Oliver Litondo wa Kenya alimwigiza Kimani Maruge, mzee aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 84, katika The First Grader. Na mwaka 2021 Amil Shivji, kwa Vuta N'Kuvute, aliirudisha Zanzibar ya miaka ya 1950 kwenye skrini, kwa Kiswahili, na kuipeleka hadi tamasha la Toronto.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye kumbi za sinema ni hili: filamu za namna hii zikija, zisiondolewe baada ya wiki moja, na angalau onyesho moja lifuatiwe na mazungumzo. Walimu wa historia wawalete wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, wakiwa na ramani ya Afrika mkononi, na wawaulize yalipotoka yale madini. Wenye fedha na kamera wamtafute Mpoyi kwenye kumbukumbu za Lubumbashi na Brussels, na mazungumzo ya kambini yaandikwe kwa Kiswahili cha Katanga. Filamu ya Oppenheimer ilitwaa Oscar saba, na ilistahili. Ya Mpoyi tutaitengeneza sisi, au haitatengenezwa na mtu yeyote.