Tupike Mabuyu Wenyewe

Mwaka huu nimeona nisiandike juu ya umuhimu wa Kiswahili, kwani umeandikwa hadi ukachoka. Nitaandika juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anakijua kwa ulimi, lakini ni wachache wanaokijua kwa mikono. Naam, mabuyu.

Kwanza tuelewane juu ya majina, maana hiki ni chama cha lugha. Mti ni mbuyu, tunda lake ni buyu, na ile nyama nyeupe iliyo kama chokaa ndani ya tunda ni ubuyu. Zile tunazonunua langoni zikiwa nyekundu tunaziita mabuyu, ijapokuwa kwa hakika ni mbegu zilizovikwa ubuyu kisha zikavikwa sukari. Unguja na Tanzania bara watu husema ubuyu hata ukiwa umeshapikwa, basi usimcheke mgeni akikuomba "ubuyu wa shilingi kumi".

Tunda lenyewe lina ajabu yake. Embe au papai likiiva hujaa maji, na usipolila upesi linaoza. Buyu hukaukia mumo humo ndani ya gamba lake, likiwa bado linaning'inia mtini. Ndiyo sababu gunia la mabuyu laweza kutoka Kitui, Makueni au Kilifi likafika Nairobi likiwa zima, hata likikaa wiki kadhaa sokoni. Ubuyu una ukali wa asidi, una madini ya kalsiamu, na vitamini C yake ni nyingi kuliko ya chungwa ukipima uzito sawa.

Haya, twende jikoni. Utahitaji vikombe vinne vya mbegu zenye ubuyu wake, kikombe kimoja na nusu cha sukari, kikombe kimoja cha maji, chumvi kidogo sana, punje sita za iliki zilizopondwa, na robo kijiko cha chai ya pilipili ya unga. Wengine hutia vanila. Kwa maoni yangu iliki ikishaingia, vanila ni kujisumbua bure.

Chambua mbegu kwa mkono. Ondoa nyuzinyuzi na vipande vya gamba, na zile zilizoshikana uzitenganishe. Usizioshe hata kama mkono unakuwasha kuosha! Ubuyu huyeyuka majini, na ukishaosha utabaki na mbegu tupu nyeusi zisizo na ladha yoyote. Ule unga unaobaki chini ya ungo usiumwage, tutauhitaji.

Bandika sufuria pana kwenye jiko la makaa au la gesi, utie maji, sukari, chumvi, iliki na pilipili. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha uache ichemke bila kuikoroga. Hapa ndipo penye kazi, na watu wengi huwa na haraka. Maji ya sukari yakiwa bado mepesi ukamimina mbegu, ubuyu utanyonya maji yale na kugeuka uji. Kwa hiyo ngoja yawe mazito. Dondosha tone moja kwenye sahani baridi, liache lipoe, kisha ulibane kwa vidole viwili na kuviachanisha. Likivutika kama uzi, tayari. Tone lisiguswe likiwa moto, maana sukari inayochemka huunguza kuliko maji, na tena hung'ang'ania ngozi.

Sasa punguza moto, mimina mbegu zote kwa pamoja, ugeuze kwa mwiko dakika tano hivi bila kupumzika. Huko kugeuza si mapambo. Maji yaliyobaki yanatoka kama mvuke, na sukari inaanza kuganda juu ya kila mbegu badala ya kuzigandisha zote ziwe bonge moja. Epua, nyunyizia ule unga wa ubuyu uliouweka, ugeuze tena, kisha utandaze kwenye sinia. Zikipoa kabisa ndipo utie kwenye mkebe unaofunga vizuri. Ukiziacha wazi, hasa huku kwetu Pwani kwenye unyevu, kesho utazikuta zinalia majozi.

Umeona sijataja rangi? Nilikuwa naipitia kwa makusudi. Si lazima. Mabuyu yasiyotiwa rangi hutoka na weupe wa kahawia, na utamu ni ule ule. Wekundu ni wa kuvutia macho tu, ndio unaotufanya tuingie somo la Hesabu tukiwa na ndimi kama tumekula kuku mbichi. Rangi ya chakula iliyo halali huja kwenye kichupa au pakiti iliyoandikwa hivyo, na kwa kipimo hiki nusu kijiko cha chai inatosha. Lakini ile inayopimwa dukani kwa karatasi, isiyo na jina, nani anajua ilikusudiwa nini? Hata ukindu wa mikeka hutiwa rangi. Anayependa wekundu achemshe bitiruti iliyokatwa vipande, aitumie maji yake kidogo mwishoni, kabla tu ya kumimina mbegu. Ikichemka muda mrefu hugeuka kahawia.

Kuna wenzetu hapa shuleni ambao mabuyu kwao si peremende, ni nauli. Kikombe kina vijiko vikubwa 16. Vikombe vinne basi ni 64, na ukifunga vijiko viwili viwili kwenye karatasi unapata vifurushi 32. Toa bei ya sukari na makaa, kisha uniambie kama si biashara. Mbegu zenyewe kwa wengine ni za bure, kwani mbuyu uko shambani kwa nyanya.

Lakini utakuwako hadi lini? Mwaka 2022 mibuyu iling'olewa mizima mizima huko Kilifi ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, na Rais Ruto akaagiza jambo hilo lichunguzwe. Siwalaumu waliouza. Mtu mwenye karo ya kulipa akiletewa pesa taslimu kwa mti anaouona unazuia mahindi yake, atafanya nini? Ila mti ule huuzwa mara moja tu, na mabuyu huanguka kila mwaka.

Tena haupandwi leo ukazaa kesho. Mbuyu uliotokana na mbegu huchukua miaka mingi kabla ya kutoa tunda la kwanza, na maua yake hufunguka jioni, popo ndio wanaoyachavusha. Atakayetaka kujaribu asipande mbegu aliyoimumunya, kwani ilishachemka kwenye sukari. Achukue mbichi, aondoe ubuyu wote, azimiminie maji moto na kuziacha humo usiku kucha ili ganda lilegee, ndipo azifukie.