Kurudi Kihambani: Kihamba Hulishwa Kwanza

Sharika zetu za mlimani Kilimanjaro hupokea maswali kutoka kwa ndugu walioko Dar es Salaam na Arusha wanaotaka kuacha maisha ya mjini na kurudi kulima kihamba cha wazee. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo, wapo wanaokata tamaa mapema, si kwa uvivu, bali kwa kutofahamu kwamba kihamba hulishwa kwanza ndipo kikulishe.

Kihamba ni kama nyumba ya ghorofa. Juu ipo miti mikubwa ya kivuli, kuni na mbao, chini yake migomba, kisha kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe hulishwa bandani majani na vigogo vya migomba, na samadi yake hurudishwa shambani. Ukiondoa kimoja, vingine hudhoofika. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikitambua kilimo hiki cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa dunia wa kilimo.

Ugumu uko kwenye muda. Mboga nyingi huvunwa ndani ya miezi mitatu. Mgomba huhitaji mwaka au zaidi, hasa kwenye baridi ya juu. Mkahawa huanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Anayerudi na nauli tu hushawishika kukata miti auze mbao. Kivuli kikitoweka, udongo hukauka.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, familia ikubaliane kuhusu ardhi kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatoa hati ya hakimiliki ya kimila. Pili, samadi na kuzibua mfereji vitangulie kununua miche, kabla ya masika ya Machi. Tatu, iwepo akiba ya mwaka mzima, au mmoja wa wanandoa aendelee na kazi kwanza.

Kamati za sharika zinaweza kusaidia kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: anayepewa mtamba humpa jirani ndama jike wa kwanza. Wafadhili wetu nao watuelewe tunapoomba mitamba na miche badala ya trekta. Katika kihamba cha ekari moja, trekta halina pa kugeukia.