Mchoraji na Dhiki: Kurt Schwitters Ugenini
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi Kurt Schwitters, mzaliwa wa Hannover katika Ujerumani, alivyoanza mwaka 1919 kubandika tikiti za tramu, waya na vipande vya magazeti juu ya rangi zake za mafuta, akaiita kazi hiyo Merz. Leo, inshallah, tutazame masaibu yaliyompata na namna yalivyougeuza mkono wake.

Mwanzoni mwa 1937 alikimbilia Norway, akamwacha mkewe Helma nyumbani. Na kabla mwaka haujaisha, serikali ya Hitler ilizitundika kazi zake mjini München katika maonyesho ya kuwafedhehesha wasanii iliodai kuwa wamefisidika. Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoingia Norway alivuka bahari hadi Uingereza, na huko, kwa kuwa alikuwa Mjerumani, akatiwa kizuizini katika kambi ya Hutchinson, mjini Douglas, kisiwani Man. Turubai hazikuwako, basi aling'oa linoliamu ya sakafuni akachora juu yake nyuso za wafungwa wenziwe. Na uji wa shayiri uliosalia asubuhi akaukusanya akaufinyanga sanamu, ambazo hazikukawia kuota ukungu na kunuka.

Wako wanaosema kwamba dhiki ndiyo iliyomfundisha kuthamini takataka, nami siafikiani nao hata kidogo, maana takataka alikwisha kuzithamini zamani, siku za raha, alipoziokota kwa hiari yake. Dhiki ilimwondolea ile hiari, ikamlazimisha kuiishi itikadi ambayo hapo awali alikuwa akiitangaza tu. Wala picha za sura alizochora ili apate riziki, ambazo wahakiki wengi wamezidharau, mimi sioni aibu yake, kwani mtu hushiba kwanza ndipo akabuni.

Aliachiliwa Novemba 1941. Mwaka 1943 mabomu yaliiteketeza nyumba yake ya Hannover, pamoja na lile jengo la Merz alilolijenga ndani yake kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata kiharusi kilimpiga, na Helma akafariki kwa saratani.

Hata hivyo, mwaka 1947, mgonjwa, alianza upya katika banda la mawe huko Elterwater, kaskazini ya Uingereza. Ukutani alipachika mawe, mpira mdogo, na kichwa chenye matundu cha debe la kumwagilia maua, kisha akavifunika kwa plasta na rangi hata jicho lisivitambue mara moja. Hapa ndipo mageuzi yanapodhihirika: kazi za Hannover ziliviacha vitu vilivyookotwa vijitaje wazi, herufi za tikiti zikasomeka, ilhali katika ukuta huu kila kitu kimesalimu amri kwa umbo zima.

Ukuta mmoja tu ndio aliouwahi, nao haukukamilika. Tarehe 7 Januari 1948 alikubaliwa uraia wa Uingereza. Kesho yake akafariki. Jinsi ukuta huo ulivyong'olewa mwaka 1965 na kupelekwa Newcastle tutaieleza katika sehemu ya tatu.

(Itaendelea)