Kazi ya uhuishaji haiombwi kwa vyeti pekee

Mwanafunzi yeyote aliyepitia shule ya upili humu nchini anaijua barua ya kuomba kazi. Amefundishwa kuandika anwani mbili, tarehe na mtajo, kisha KUH au MINT kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, na mwishoni Wako mwaminifu. Amefundishwa pia wasifukazi: majina kamili, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, shule alizosomea, alama alizopata, uraibu wake na majina ya watu wa kumdhamini. Sina ugomvi na mafunzo hayo. Barua isiyo na mpangilio humwaibisha aliyeiandika.

Ninalouliza ni hili: je, barua hiyo yamtosha kijana anayeomba kazi isiyopimwa kwa alama za mtihani? Swali hili lahusu fani nyingi za sanaa na kompyuta, lakini leo nitalijadili kwa kutumia kazi moja ambayo vijana wetu wameanza kuitamani, nayo ni ya fundi wa rigi katika uhuishaji. Nimeichagua kwa makusudi, kwa maana sijui kazi nyingine inayofichua upungufu wa barua yetu ya darasani kama hiyo.

Wengi wetu hutazama filamu za katuni bila kufahamu kwamba mhusika anayekimbia na kucheka amepita mikononi mwa mafundi kadhaa. Yuko amchongaye kwa kompyuta na kumwacha amesimama wima, mikono ameinyoosha kando kama sanamu. Yuko pia mhuishaji, ambaye humtembeza na kumpa hisia. Baina ya hao wawili yuko fundi wa rigi. Yeye ndiye amtiaye sanamu huyo mifupa na viungo, akaamua ngozi ya kiwiko ifuate mfupa upi na kwa kiasi gani, kisha akamwekea vidhibiti ambavyo mhuishaji atavivuta ili mguu uinuke au jicho lipepese. Mifupa hiyo pamoja na vidhibiti vyake ndiyo iitwayo rigi.

Waliowahi kuona karagosi akichezeshwa kwa nyuzi watanielewa upesi. Mhuishaji ndiye avutaye nyuzi, lakini aliyezifunga ni fundi wa rigi. Katika Toy Story ya mwaka 1995, filamu ndefu ya kwanza kuhuishwa yote kwa kompyuta, mhusika Woody alikuwa na vidhibiti zaidi ya 700, na zaidi ya 200 kati yavyo vilikuwa vya uso pekee.

Sasa tazama shida ya fundi huyu. Rigi nzuri haionekani. Mtazamaji husifu mwendo wa simba au tabasamu la mtoto, asijue kwamba kuna mtu aliyekesha akirekebisha ngozi ya bega. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli kwa maembe yaliyopangwa sokoni, kwani mnunuzi huyaona na kuyabonyeza. Kwa kazi iliyofichika chini ya ngozi, kizuri hakijiuzi mpaka mwenyewe akifunue. Kijana asiyejua kukifunua atakosa kazi anayoiweza barabara.

Kazi zenyewe si ndoto. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotangazwa na CBeebies ya Uingereza kuanzia mwaka 2010, ulihuishwa hapa Nairobi. Mwaka 2023 Mkenya Ng'endo Mukii alikuwa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi 10 za Kiafrika zilizoonyeshwa na Disney+. Mwaka uo huo, kampuni ya Triggerfish ya Afrika Kusini ilitoa kupitia Netflix mfululizo wa Supa Team 4, uliobuniwa na Mzambia Malenga Mulendema. Aidha, kazi hii hufanywa kwa kompyuta na kutumwa kwa intaneti, kwa hivyo kijana wa Kisumu aweza kuomba nafasi Cape Town au London. Lakini huko atashindana na vijana wa dunia nzima.

Nimesoma barua kadhaa za vijana wetu wanaotafuta nafasi hizi. Aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, lakini roho yake ni ile ile ya darasani. Kijana huandika kwamba yeye ni mwenye bidii, nidhamu na ari ya kujifunza, kwamba aweza kufanya kazi bila kusimamiwa, na kwamba amependa katuni tangu utotoni. Barua kama hiyo yaweza kutiwa sahihi na mtu yeyote, awe fundi wa rigi, karani au dereva wa lori. Haina uongo ndani yake, ila haina habari.

Linganisha na kijana aandikaye hivi: "Nimemtengenezea rigi punda wa mizigo. Masikio yake hufuata mwendo wa kichwa, na mzigo ulio mgongoni huyumba kadiri anavyotembea. Mhuishaji aweza kuuondoa mzigo huo kwa kidhibiti kimoja. Ngozi ya bega ilijikunja vibaya alipoinua mguu wa mbele, nami nikaongeza viungo viwili vya kuisaidia." Huyu hakujisifu hata kidogo. Hata hivyo, msomaji amekwisha kujua kwamba anaelewa mwili wa mnyama, anamfikiria mhuishaji atakayetumia kazi yake, na akikutana na tatizo hutafuta dawa.

Barua, hata hivyo, ni mlango tu. Nguzo ya maombi ya kazi hii ni video fupi ya maonyesho. Dakika moja hadi mbili zatosha. Kazi bora kuliko zote itangulie, kwa sababu mwajiri mwenye video nyingi za kutazama hangoji mwisho. Jina na anwani ya barua pepe vionekane mwanzoni na mwishoni. Muziki wa kelele hauna faida, kwani wengi huitazama video hiyo bila sauti.

Ndani ya video, mifupa ionyeshwe kwanza bila ngozi, kisha ngozi, kisha vidhibiti vikivutwa. Zipo njia mbili za kuuendesha mkono wa mhusika. Ya kwanza ni kuzungusha bega, kisha kiwiko, kisha kifundo, kimoja baada ya kingine. Ya pili ni kukishika kiganja na kukivuta, kiwiko na bega vifuate. Mhusika anayepunga mkono hufaidi njia ya kwanza. Anayesukuma mkokoteni huhitaji ya pili ili viganja visiteleze. Fundi stadi humpa mhuishaji njia zote mbili, na video ionyeshe mhusika akihama kutoka moja hadi nyingine pasipo mkono kuruka.

Kisha viungo vitiwe katika majaribu. Mkono uinuliwe juu ya kichwa. Goti likunjwe kabisa. Mhusika achuchumae. Hapo ndipo ngozi iliyofungwa ovyo hubonyea kama mpira uliotoka upepo, na hapo ndipo macho ya fundi mkongwe huelekea. Kijana anayemwonyesha mhusika wake akitembea tu kwa madaha amekwepa mtihani, na mwajiri ataligundua hilo.

Mifano nayo itofautiane. Mhusika mmoja wa binadamu, mnyama mmoja wa miguu minne, na chombo kimoja cha mitambo vyatosha kwa anayeanza. Kwa chombo, sioni kifaacho zaidi ya pikipiki ya bodaboda: springi zibonyee abiria anapopanda, gurudumu la mbele lifuate usukani, magurudumu yazunguke kulingana na umbali uliosafiriwa. Kazi tatu zilizokamilika zashinda kumi zilizoachwa njiani. Ajuaye lugha ya Python aongeze programu ndogo aliyoiandika kurahisisha kazi, japo ni ya kuvipa majina vidhibiti vya kushoto na kulia kwa mpigo mmoja.

Fauka ya hayo, mwombaji ajue anamwomba nani. Katika michezo ya kompyuta, picha hutengenezwa papo hapo mchezaji anapocheza, hivyo rigi nzito ni mzigo. Kampuni za filamu huwa na nafasi kubwa zaidi ya madoido. Barua moja iliyonakiliwa na kutumwa kwa kampuni 20 huonyesha kwamba mwandishi hakuisoma hata moja.

Liko jambo zito kuliko hayo yote, nalo ni uaminifu. Vijana wengi hujifunzia kwenye maumbo yaliyochongwa na wengine na kutolewa bure katika intaneti. Hilo si kosa. Kosa ni kunyamaza. Chini ya kila kipande cha video, au katika ukurasa mmoja unaoandamana nayo, iandikwe wazi: umbo limechongwa na fulani, rigi yote ni yangu, uhuishaji ni wa mwenzangu. Ikiwa kazi ilifanywa na kundi la wanafunzi watano, kila mmoja aseme sehemu yake. Maumbo ya bure hujulikana na wote walio katika fani hii, na ajidaiye kuwa amelichonga umbo ambalo mwajiri alilitumia mwaka jana hatapata nafasi ya kujieleza. Vivyo hivyo, kazi ya kampuni ambayo haijatolewa kwa umma isionyeshwe pasi na ruhusa, maana atoaye siri ya mwajiri wa jana atatoa ya mwajiri wa kesho.

Kuhusu wasifukazi, ukurasa mmoja unatosha. Dini na hali ya ndoa havimsaidii mhuishaji kuinua mguu wa punda. Pahali pake paandikwe programu anazozitumia, kazi alizozifanya na kiungo cha intaneti kinachofunguka bila nywila. Faili nayo ipewe jina la mwombaji. Kabla ya kutuma chochote, ampe mhuishaji mwenzake rigi hiyo aichezeshe siku mbili tatu bila kumwelekeza, kwani rigi haipimwi na aliyeitengeneza.

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni ya watoto wa matajiri. Kuhusu programu, sivyo. Blender hutolewa bure, na msimbo wake umekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 2002. Filamu ya Flow kutoka Latvia, isimuliayo safari ya paka pasipo neno hata moja, ilitengenezwa kwa Blender na ikashinda tuzo ya Oscar mwaka 2025. Maya, inayotumiwa na kampuni nyingi kubwa, hutolewa bure na Autodesk kwa wanafunzi wanaotimiza masharti. Kanuni za mifupa na ngozi ni zile zile kotekote. Ila kompyuta yenyewe ni ghali, hilo nalikiri, na ndiyo sababu inaniuma kuona maabara ya kompyuta shuleni ikitiwa kufuli masomo ya mchana yanapokwisha, ilhali kuna mwanafunzi angeitumia jioni chini ya uangalizi wa mwalimu.

Mwingine atasema nafasi za kazi hii ni chache. Ni kweli, na simshauri mwalimu yeyote awaelekeze wanafunzi wake wote huko. Lakini tabia ninayoitetea haina mipaka ya fani. Seremala, mshonaji na mwandishi wa programu za kompyuta wote hufaidika wakijua kusema: hii ndiyo kazi yangu, hii ndiyo sehemu niliyoifanya mwenyewe, na hili ndilo tatizo nililolitatua. Cheti husema mtu alifaulu. Hakisemi anaweza kufanya nini kesho asubuhi.

Mtaala wa umilisi umeigawa shule ya upili ya juu katika mikondo mitatu, na mmojawapo ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Neno potifolio limekwisha kuingia madarasani. Nachelea tu kwamba potifolio itageuka faili ya kukaguliwa na kusahauliwa, kama yalivyosahauliwa mengi kabla yake. Haifai iwe hivyo. Mwalimu wa Biolojia aelezaye kwamba goti hukunjika kama bawaba ya mlango ilhali bega huzunguka pande zote anafundisha rigi bila kujua. Mwalimu wa Hisabati anayefundisha pembe anafundisha rigi. Wanachokosa wanafunzi ni mtu wa kuwaunganishia nyuzi hizo.

Kwa walimu wa Kiswahili nina ombi moja. Muhula ujao, mnapotoa zoezi la barua ya kuomba kazi, mwagizeni kila mwanafunzi aambatishe kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, pamoja na nusu ukurasa wa kueleza alichokifanya peke yake, alichosaidiwa na kilichomshinda. Msahihishe nusu ukurasa huo kwa ukali kuliko anwani. Nanyi wanafunzi, msingoje zoezi hilo. Anzeni na punda mmoja, mkamilisheni, kisha mwandike kwa ukweli mlivyomtengeneza.