Viti vya Maktaba na Wadogo Zetu

Nilipokuwa kidato cha kwanza, niliinuliwa kwenye meza ya maktaba moja ya umma ili mwanachuo mmoja apate pa kuweka madesa yake. Mhudumu hakuwa mkali; alinionyesha tu upande wa watoto. Kule nikakuta vitabu vya picha na viti vilivyoishia chini ya magoti yangu. Nikaondoka, na sikurudi tena hadi kidato cha tano.

Siku hizi mwenye madesa ni mimi, ndiyo maana naandika.

Umri ule unaihitaji sana maktaba. Mtoto wa Bahi au Chamwino anaweza kuwa anaongea Kigogo nyumbani. Shule ya msingi ya serikali anafundishwa kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Vitabu vya picha ameshavipita, na vya kwetu bado vinamshinda. Hapo katikati anahitaji hadithi fupi, riwaya nyepesi za lugha zote mbili, na meza ambayo hatainuliwa.

Jamani, hili si ombi la hisani. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa mwaka 1967, kwa ajili ya umma mzima. Tamko la IFLA na UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililohuishwa mwaka 2022, linataka watoto wajengewe mazoea ya kusoma tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Kijana wa miaka 14 yumo humo.

Sasa tufanyeje? Kulalamika kwenye magrupu ya WhatsApp hakutoshi. Bajeti inataka hesabu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na Bunge linaanza kuijadili bajeti Aprili, hapa hapa Dodoma. Kwa hiyo tuanze mapema. Kwa ruhusa ya mkutubi, tujitolee kila Jumamosi, kwa saa mbili tu, kusoma hadithi na wanafunzi wa sekondari. Tuandike wamekuja wangapi, wa umri gani, na wameomba kitabu gani kikakosekana. Ikifika Desemba tutakuwa na daftari ambalo mkutubi anaweza kuliambatisha kwenye maombi yake ya fedha, na mbunge akalisoma.

Na UE ikikaribia, ukimwona mtoto wa sekondari amesimama na daftari lake, sogeza madesa akae.