Neno "Asana" na Historia ya Yoga ya Viungo

Ukongwe wa neno si ushahidi wa ukongwe wa jambo litajwalo nalo. Kanuni hii, waijuayo vema watungaji wa kamusi, yaonekana dhahiri katika historia ya yoga.

Neno "yoga" latokana na mzizi wa Kisanskriti "yuj", maana yake kufunga nira au kuunganisha. Nalo "asana" latokana na mzizi "as", yaani kukaa. Kwa hiyo tafsiri iliyo karibu na asili ni "kikao". Ndivyo alivyolitumia Patanjali, takriban mwaka 400 B.K. Katika aya zake 195 hivi, tatu tu zaeleza asana, na shabaha yake ni mtu kuketi imara bila taabu ili fikira zipate kutulia. Miaka elfu moja baadaye, katika karne ya 15, Svatmarama alieleza asana 15 katika Hathapradipika, na zilizo nyingi zilikuwa bado za kukaa.

Je, mikao ya kusimama, tuionayo leo, imeenea vipi? Swami Vivekananda, aliyehutubia Chicago mwaka 1893 na kutoa kitabu chake Raja Yoga mwaka 1896, hakuyatukuza mazoezi ya mwili. Badiliko kubwa lilikuja katika miaka ya 1920 na 1930. Raja wa Aundh alieneza "salamu za jua" kuwa zoezi la afya. Na huko Mysore, katika jumba la mfalme, T. Krishnamacharya aliwafundisha vijana mikao ifuatanayo kwa kipimo cha pumzi. Mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar alitoa mwaka 1966 kitabu kielezacho mikao 200 hivi, kikasomwa duniani kote.

Mwaka 2010 Mark Singleton alieleza jinsi jimnastiki ya Ulaya ilivyochangia badiliko hilo. Hata hivyo, hati ya karne ya 18 iitwayo Hathabhyasapaddhati ina asana 112, nyingi zikiwa za mwendo. Basi, adaiye kwamba mazoezi ya leo yana umri wa miaka elfu tano amedanganywa na neno. Naye ayaitaye jimnastiki ya kuazima tu hakuzitazama hati. Mtunga kamusi aandikapo "asana" hana budi kutenga maana mbili, kila moja na wakati wake: kwanza kikao cha kutafakari, kisha mkao wowote wa mwili katika mazoezi ya yoga.